Kondroblastoma ya bega na upasuaji wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya kijana aliyeambiwa ana uvimbe ndani ya mfupa wa bega, na kwa wazazi wake, ambao kwa kawaida ndio wenye maswali mengi zaidi. Aina za uvimbe wa mifupa ni nyingi. Hapa tunazungumzia mmoja tu kwa kirefu, kondroblastoma, na tunagusa mingine pale inapofananishwa nao. Daktari aliyeziona picha zako ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu bega lako.

Kondroblastoma ni nini?

Ni uvimbe unaoota ndani ya mfupa kutokana na seli changa za gegedu, ile tishu yenye uso laini lakini ngumu kiasi inayofunika ncha za mifupa. Una tabia ya kuchagua mahali: huota kwenye ncha kabisa ya mfupa mrefu, katikati ya kiungo na bamba la ukuaji, yaani tabaka la gegedu ambalo mfupa wa mtoto hurefukia hapo. Sehemu unazozipenda ni goti, nyonga na bega. Kwenye bega hukaa ndani ya kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo chenyewe.

Ni adimu kweli. Katika kila uvimbe 100 ulioanzia kwenye mfupa, kondroblastoma ni mmoja hivi. Wengi wanaoupata wana umri wa kati ya miaka 10 na 25, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Daktari wa mifupa anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na wagonjwa wa kuhesabika, kwa hiyo usishangae ukikuta hata wahudumu wa afya wanalitamka jina hili kwa kusitasita.

Mwaka 1931 daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, aitwaye Ernest Codman, aliandika kuhusu uvimbe wa aina hii kwenye bega. Mwaka 1942 Henry Jaffe na Louis Lichtenstein waliutenga rasmi na aina nyingine na kuupa jina tunalolitumia leo. Codman tutakutana naye tena kwenye mazoezi.

Je, ni saratani?

Hapana. Lakini jibu hilo lisikulaze usingizi. Uvimbe huu hauui kama saratani ya mfupa, ila hauachi kula. Unaumega mfupa kutoka ndani, unaweza kupenya bamba la ukuaji au kutoboa hadi ndani ya kiungo, na ganda la mfupa lililobaki likawa jembamba kiasi cha kubonyea. Katika wagonjwa wachache sana, chini ya 2 katika 100, seli zake zimeonekana kwenye mapafu. Hata hapo kwa kawaida hukua polepole na mara nyingi huweza kutolewa kwa upasuaji. Ndiyo sababu utapigwa picha ya kifua hata kama huna kikohozi.

Umetokana na nini? Alianguka kwenye mpira mwaka jana.

Kuanguka hakuleti uvimbe huu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba bega lilikuwa tayari na shida, kijana akaanguka, maumivu yakazidi, na familia ikaanza kuhesabu tangu siku ile. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba karibu wagonjwa wote wa kondroblastoma wana badiliko moja dogo la jeni ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Badiliko hilo halipo kwenye damu ya wazazi na halirithiwi. Halikuletwa na chakula, kubeba ndoo, wala kulalia mkono.

Na kwa kuwa swali hili huulizwa kwa sauti ya chini: hapana, hakuna jirani aliyemfanyia kitu.

Kwa nini imechukua miezi mingi hadi kugundulika?

Kwa sababu dalili zake ni za kawaida mno. Bega linauma kidogo, linaachia, linauma tena. Baada ya wiki kadhaa kijana anashindwa kuvaa fulana bila kuinamisha mwili, halafu anaanza kuamka usiku. Misuli ya bega inasinyaa kwa kutotumika, na ukiyatazama mabega yote mawili kwa nyuma unaona moja limekuwa bapa. Kwa nje huenda usione uvimbe wowote, maana umo ndani ya mfupa.

Kwenye zahanati mgonjwa wa namna hii huambiwa amevuta msuli, akapewa diklofenaki. Dawa hiyo hupunguza maumivu kweli, na hapo ndipo shida inapoanzia: kila mtu anaamini amepona. Wengine huchomwa sindano ya steroidi begani kwa kudhaniwa bega limeganda. Bega kuganda ni ugonjwa wa watu wa makamo, hasa wenye kisukari. Kijana wa miaka 16 mwenye maumivu ya bega yanayozidi wiki sita na yanayomwamsha usiku anahitaji eksirei kabla ya sindano, na mzazi ana haki ya kuidai.

Kwetu Afrika Mashariki kuna magonjwa mengine mawili yanayolifunika hili. La kwanza ni selimundu: kwa mgonjwa wa selimundu, mfupa wa kichwa cha bega unaweza kufa kwa kukosa damu, au kupata usaha ndani yake, na maumivu yakawa yaleyale. La pili ni kifua kikuu cha mfupa, ambacho nacho hula ncha ya mfupa taratibu bila homa kali. Mtu asianzishiwe dawa za kifua kikuu cha bega kwa kuangalia picha tu kama inawezekana kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara.

Mama mkwe anasema kuna mzee anayechua vizuri. Kuna ubaya?

Upo. Kuchua bega lenye mfupa uliotobolewa kunaweza kuvunja ganda lililobaki, na kuchanja chale huacha vidonda ambavyo ni njia ya vijidudu kuingia mahali patakapopasuliwa. Mwambieni mzee kwa heshima zote kwamba safari hii mfupa wenyewe ndio unaumwa, siyo msuli. Wachuaji wengi wakielezwa hivyo huelewa, na wapo ambao ndio wa kwanza kumwambia mgonjwa aende hospitali.

Nitafanyiwa vipimo gani?

Unaanza na eksirei, nayo hupatikana hata hospitali ya wilaya. Daktari anatafuta kidoa cheusi cha duara kwenye kichwa cha mfupa, chenye ukingo mweupe mwembamba, wakati mwingine na vitone vya chokaa ndani yake. CT skani huonyesha ukingo huo na chokaa kwa undani, pia kama uvimbe umetoboa upande wa kiungo. MRI huonyesha umbali kati ya uvimbe na bamba la ukuaji, pamoja na maji ndani ya kiungo.

Kuhusu MRI kuna tahadhari moja. Kondroblastoma hufanya maji mengi yajae kwenye mfupa na misuli inayouzunguka, na kwenye MRI eneo lote hilo hung'aa. Anayesoma picha hiyo peke yake bila kuiweka pembeni ya eksirei anaweza kuandika kwamba ni saratani kali, au ni maambukizi. Familia nyingi zimelia kwa sababu ya ripoti ya namna hiyo. Subirini kinyama.

Kuchukuliwa kinyama si kutauchokoza uvimbe ukasambaa?

Hofu hii ni ya kawaida, na kwa uvimbe huu haina msingi. Ila ndani yake imo chembe ya ukweli inayostahili kuelezwa. Kinyama kinapochukuliwa, sindano au kisu huacha njia. Kama majibu yakija kuwa ni saratani, njia ile huhesabiwa kuwa imechafuliwa, na daktari atakayefanya upasuaji mkubwa lazima aikate aitoe pamoja na uvimbe. Sindano ikipitishwa mahali pasipofaa, mgonjwa anaweza kupoteza msuli au neva ambayo ingebaki.

Kwa bega, njia inayokubalika ni kupitia sehemu ya mbele ya msuli mnene unaofunika bega, deltoidi, na siyo kwenye mfereji ulio kati ya msuli huo na wa kifua, japo mfereji huo ndio mlango rahisi ambao madaktari huutumia kwa shughuli nyingine za bega. Kwa hiyo kanuni ni hii: kinyama kichukuliwe na daktari atakayekupasua, au kwa makubaliano naye. Kama hospitali uliyopo haina bingwa wa mifupa anayeshughulikia uvimbe, omba rufaa kabla ya kinyama, usingoje baada yake.

Halafu kuna kungoja majibu. Kipande chenye mfupa hakikatiki mpaka kilainishwe kwanza kwa tindikali, na hiyo peke yake huchukua siku kadhaa. Wiki mbili si uzembe. Majibu yakitoka, uliza kama maabara imehifadhi bloku, kile kipande cha nta chenye kinyama chako. Bloku hiyo inaweza kupelekwa kwa mpatholojia (daktari anayesoma vinyama) mwingine atoe maoni ya pili bila kukuchoma tena, na kuna maabara zenye kipimo cha kuonyesha lile badiliko la jeni tulilolitaja.

Hospitali moja imesema kondroblastoma, nyingine imesema uvimbe wa seli kubwa. Tumwamini nani?

Mwamini anayeweka picha, umri na kinyama mezani kwa pamoja. Uvimbe wa seli kubwa nao hukaa kwenye ncha ya mfupa, lakini kwa kawaida huwapata watu ambao bamba lao la ukuaji limeshafunga, wa miaka 20 hadi 40, na huwa mkubwa zaidi bila ukingo mweupe. Chini ya hadubini zote mbili zina seli kubwa, ndiyo maana huchanganywa.

Kuna mwigizaji mmoja hatari: kondrosakoma ya seli angavu. Hii ni saratani ya gegedu inayokua polepole, nayo hupenda kichwa cha mfupa wa bega na wa nyonga. Picha yake inaweza kufanana mno na kondroblastoma. Tofauti kubwa ni umri, kwani wengi wake wamepita miaka 25. Ukikwanguliwa tu kutoka ndani ya mfupa kama kondroblastoma, utarudi. Mtu wa miaka 38 akiambiwa ana kondroblastoma, ombeni kinyama kisomwe mara ya pili.

Hakuna dawa ya kuumaliza bila kupasua?

Hakuna. Dawa za saratani hazifanyi kitu hapa. Mionzi haitumiki, kwa sababu inaweza kuja kuleta saratani ya kweli miaka mingi baadaye kwa kijana ambaye hakuwa nayo. Denosumabu, sindano inayotumika kwa baadhi ya wagonjwa wa uvimbe wa seli kubwa, si tiba ya kawaida ya kondroblastoma. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu wakati mnasubiri zamu, lakini zikitumika miezi mfululizo huumiza tumbo na figo.

Tunaweza kungoja amalize mtihani wa kidato cha nne?

Wiki chache, mara nyingi ndiyo, kama picha hazionyeshi kwamba mfupa unakaribia kubonyea. Mwaka mzima, hapana. Uvimbe wa sentimita mbili una njia nyingi za kutibiwa. Ukishafika sentimita tano na umekula sakafu ya kiungo, njia zimebaki chache na bega halitarudi kama lilivyokuwa. Wakati wa kungoja asicheze mpira wa wavu, asinyanyue ndoo kwa mkono huo, na asipande bodaboda kama lipo gari.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Unaitwa kukwangua, jina linaloficha ugumu wake. Mgonjwa hulazwa nusu amekaa, amepewa dawa ya usingizi. Mara nyingi neva za bega hutiwa ganzi pia kupitia shingoni, ili akiamka asiwe na maumivu makali. Ganzi hiyo hulegeza kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, cha upande mmoja kwa saa kadhaa, hivyo anaweza kujisikia kama hapumui vizuri. Hali hiyo huisha ganzi inapoisha.

Ngozi hukatwa mbele ya bega, misuli hutenganishwa, na daktari huhakikisha kwenye mashine ya eksirei iliyomo humo chumbani kwamba yuko mahali sahihi. Kisha hufungua dirisha kwenye mfupa. Udogo wa dirisha ndilo kosa linalojulikana. Kupitia kitundu kidogo huwezi kuona kona zote za shimo, na seli zinazobaki nyuma ya kona ndizo zinazorudi. Dirisha linatakiwa liwe kubwa kiasi cha kuona kuta zote, huku likiwa mbali na gegedu la kiungo na, kwa mtoto, mbali na bamba la ukuaji.

Uvimbe hutolewa kwa vijiko maalumu. Ukishaisha kwa macho, kazi haijaisha. Kuta husagwa kwa drili ya kasi yenye kichwa cha duara mpaka uonekane mfupa mzima, shimo linaoshwa kwa maji mengi, halafu madaktari wengi huongeza kitu cha kuua seli zilizojificha: fenoli, haidrojeni peroksaidi, naitrojeni ya kimiminika, au kuunguza kwa umeme. Kila kimoja kina watetezi wake. Karibu na bamba la ukuaji au gegedu vinatumika kwa woga, maana kinachoua seli za uvimbe hakichagui.

Kwa baadhi ya wagonjwa ndani ya uvimbe hukutwa mifuko ya damu. Hapo damu inayopotea huwa nyingi, na ndiyo sababu ndugu wakaombwa kuchangia damu hata kwa upasuaji ulioelezwa kuwa wa kawaida. Changieni.

Shimo linajazwa na nini?

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye nyonga, mfupa wa kuhifadhiwa kutoka kwa mtu mwingine, vitu bandia vinavyogeuka kuwa mfupa, au simenti ya mifupa.

Mfupa wa nyonga ndio unaoshika vizuri na hauna bei, isipokuwa maumivu ya nyonga ambayo kwa wiki za kwanza wagonjwa wengine huyalalamikia kuliko bega. Simenti hukauka hapohapo mezani, hutegemeza kiungo tangu siku ya kwanza, na kwenye picha za baadaye uvimbe ukirudi huonekana wazi pembeni yake. Ubaya wake ni kwamba hubaki simenti milele, chini ya gegedu la kijana mwenye miaka 60 mbele yake. Kwa mtoto ambaye bado anakua, madaktari wengi huchagua mfupa.

Familia hutumia nguvu nyingi kwenye swali hili, na wauzaji wa vifaa bandia wanajua hivyo. Kinachoamua kama uvimbe utarudi ni jinsi shimo lilivyosafishwa. Kabla ya kuchangishana kwa ajili ya kijazio cha gharama kubwa, muulize daktari kama mfupa wa nyonga hautoshi.

Nimesikia kuna kuchoma uvimbe kwa sindano bila kupasua.

Ndiyo. Sindano hupitishwa hadi ndani ya uvimbe kwa kuongozwa na CT skani, ncha yake ikapashwa hadi karibu nyuzi 90 za selisiasi kwa dakika chache. Inawafaa wenye uvimbe mdogo, wa sentimita 2.5 hivi au chini yake, usiogusa gegedu la kiungo. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani haraka sana. Lakini shimo halijazwi, kwa hiyo uvimbe mkubwa ukichomwa hivi sakafu ya kiungo inaweza kubonyea. Vifaa vyake bado havipatikani kila mahali, na kinyama bado kinatakiwa.

Mkono utaacha kukua?

Bamba la ukuaji la juu ndilo linalotoa takriban asilimia 80 ya urefu wa mfupa wa mkono wa juu, kwa hiyo swali ni la haki. Jibu linategemea umri. Kijana wa miaka 17 hana cha kupoteza, kwani bamba lake linakaribia kufunga au limeshafunga. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuwa na mkono mfupi kwa sentimita kadhaa, hasa kama uvimbe wenyewe ulikuwa umeshalitoboa bamba kabla ya daktari kufika. Tofauti na mguu, mkono mfupi kidogo hauleti kuchechemea. Wengi hugundua kwa fundi cherehani tu.

Kuna hatari gani?

Zilizo za kila upasuaji: kidonda kuingia usaha, damu, matatizo ya dawa ya usingizi. Fuateni masharti ya kutokula kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji. Kila mwaka wapo wanaorudishwa wodini kwa sababu ya kikombe cha uji alichopewa mgonjwa na shangazi mwenye huruma.

Ya hapa hasa ni neva ya kwapa, ambayo hulizunguka bega kama sentimita tano chini ya mfupa wa juu wa bega. Ikivutwa, mgonjwa huamka akiwa na ganzi kwenye kiraka cha ngozi upande wa nje wa bega na hawezi kunyanyua mkono kwenda pembeni. Mara nyingi ni mvutano tu, na hurudi ndani ya wiki au miezi. Mjulishe daktari siku hiyohiyo ili aiandike na kuifuatilia. Baadaye, gegedu la kiungo linaweza kuchakaa mapema kama uvimbe ulikuwa umelifikia.

Mazoezi yanaanza lini?

Mkono huwekwa kwenye kitambaa cha kuning'iniza kwa wiki mbili hadi sita kutegemea ukubwa wa shimo. Vidole, kiganja na kiwiko vichezeshwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu kiwiko kilichokaa wiki sita bila kunyooshwa ni ugonjwa mwingine. Daktari akiruhusu, unaanza zoezi la kuinama ukiegemea meza kwa mkono mzima, ule mwingine unaachwa uning'inie na kuzunguka wenyewe kwa uzito wake. Zoezi hili nalo hubeba jina la Codman, yuleyule.

Kunyanyua mkono kwa nguvu zake wenyewe huja baada ya wiki sita hivi. Kubeba uzito na michezo husubiri picha ionyeshe mfupa umeshika, kwa kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Wengi wakishapona hupata bega linalofanya kazi zote. Wanaobaki na bega gumu mara nyingi ni wale walioogopa kulichezesha, na nyuma yao utamkuta mzazi aliyekuwa akisema "usiuguse huo mkono".

Shule, kuendesha pikipiki, kusali?

Shule, wiki mbili baada ya upasuaji inawezekana. Kama mkono uliopasuliwa ndio wa kuandikia, shule iombwe kumruhusu kuandika huku kiwiko kimeegemea dawati. Pikipiki, asiguse kabla ya miezi mitatu. Kusali, aswali akiwa amekaa na kuashiria sijida kwa kichwa. Mgonjwa ana ruhusa yake. Kufunga Ramadhani kusubiri kidonda kipone na dawa za kila saa nane ziishe.

Uvimbe unaweza kurudi?

Unaweza. Kwa ujumla hurudi kwa wagonjwa 10 hadi 20 katika kila 100, wengi wao ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ukirudi haimaanishi umegeuka saratani. Hukwanguliwa tena, na wengi hupona kwa mara hiyo ya pili. Ishara ni maumivu ya usiku kurejea baada ya kuwa yalikuwa yameisha. Maumivu ya kuchoka baada ya mazoezi ni kitu kingine.

Na kama kinyama kikisema ni saratani ya mfupa?

Basi mpango wote hubadilika, na kukwangua hakufai kabisa. Osteosakoma, kwa mfano, hupenda goti zaidi, kisha bega. Tiba yake ni dawa za saratani, kisha kuondoa kipande chote cha mfupa pamoja na nyama inayouzunguka uvimbe, halafu dawa tena. Pengo hujazwa kwa kiungo bandia, kwa mfupa wa kupandikizwa, au mtulinga, mfupa ulio kati ya kifua na bega, hugeuzwa ukashushwa kushika nafasi ya mfupa uliotolewa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kumekuwa na upasuaji wa kutoa bega na kuuacha mkono, unaobeba majina ya Tikhoff na Linberg: bega linakuwa halinyanyuki, lakini kiwiko na kiganja vinafanya kazi, na mtu anaandika, anakula na kufunga vifungo mwenyewe. Kukata mkono wote kumebaki kwa pale ambapo uvimbe umezikumbatia neva na mishipa mikubwa ya damu.

Twende wapi, na gharama je?

Tanzania, kituo kikuu cha mifupa ni MOI pale Muhimbili, na wapo mabingwa wa mifupa KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya, anzieni Kenyatta Nairobi au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Nendeni na barua ya rufaa, maana bima nyingi hazilipi bila hiyo. Kabla ya tarehe ya upasuaji ulizeni kwa maandishi vitu vitatu ambavyo bima huvikataa mara kwa mara: MRI, usomaji wa pili wa kinyama, na kijazio cha mfupa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili ya wasiomudu. Nendeni kabla ya bili kuandikwa.

Mwaka umepita, sina maumivu. Bado niende kliniki?

Ndiyo. Kwa miaka miwili ya mwanzo eksirei hupigwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila miezi sita, hadi ifike angalau miaka mitano, na picha ya kifua mara moja moja. Beba picha zote za nyuma, hasa ile ya kwanza kabisa baada ya upasuaji, kwani daktari hutambua uvimbe unaorudi kwa kulinganisha. Picha ikiwa kwenye CD, iweke pia kwenye simu ya mzazi na kwenye barua pepe. Filamu na CD hupotea kwenye kuhama nyumba.